Kila nikifika mstari wa nne, nalia

Assalamu alaykum Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 22, kwetu Wete, Pemba, ila sasa nakaa Fuoni, Unguja, kwa mama mdogo na nauza duka la vitambaa Darajani. Tangu skuli napenda kuigiza. Tulikuwa na kikundi chetu, tukicheza michezo ya malaria na ya watoto wanaoacha masomo, tukizunguka vijiji na spika moja mbovu. Siku tukiwachekesha watu, mimi usiku sipati usingizi.

Mwaka jana kikundi kimoja cha mjini kiliita usaili wa waigizaji wa jukwaani. Nikaenda. Nikasimama mbele ya watu watatu, nikaanza, hata dakika haijatimia mmoja akasema, "Ahsante, inatosha." Nilitoka pale nikatembea mpaka Michenzani sijui naenda wapi.

Ndipo nikatafuta mwalimu. Nikaelekezwa kwa kaka mmoja aliyewahi kucheza tamthilia za televisheni huko Bara, anafundisha mtu mmoja mmoja. Elfu kumi kwa somo, mara mbili kwa wiki. Nimeshamaliza wiki tisa, kwa hiyo laki na themanini zimekwenda, na mshahara wa dukani unaujua.

Sikatai kwamba nimejifunza. Nilikuwa nasema mbio na kumeza mwisho wa sentensi, yeye ndiye aliyeliona hilo. Lakini kipande ninachokwenda nacho kwenye usaili amekiandika mwenyewe, cha mama aliyefiwa na mtoto baharini, na kila kitu amenipangia: hapa piga magoti, hapa nyoosha mkono, mstari wa nne lia. Na kila nikifika mstari wa nne, nalia. Machozi ya kweli, Shangazi, na yeye anapiga makofi. Juzi tukifunga duka nikamfanyia mwenzangu tunayeuza naye. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Kwani huyo mtoto alikuwa anaitwa nani?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nikikifanya nalia kama kawaida, lakini najiona kama nimefungua mfereji.

Pia ananiambia Kipemba changu nikiache kwenye boti. Nikisema maneno mawili ananikatiza, anayarudia kama wanavyosema kwenye tamthilia za Dar es Salaam, na mimi nayafuata. Nimeshaanza kusema hivyo hata nyumbani, mama mdogo ananicheka.

Usaili mwengine uko baada ya wiki tano, na mchezo wenyewe utaoneshwa Ngome Kongwe. Wanataka kipande cha dakika mbili, halafu wanakupa skripti usome hapo hapo. Mwalimu amesema nilipe laki mbili na nusu kwa pamoja kwa wiki hizi za mwisho, kwamba anajuana na muongozaji na nafasi yangu ataisimamia. Na mazoezi yahamie nyumbani kwake, usiku, sisi wawili, kwa sababu ukumbi umepanda bei. Sijamjibu. Ni mwalimu wangu, namwita kaka, naona haya kumkatalia.

Mama yuko Wete hajui lolote. Anajua jioni nasoma kompyuta.

Nifanye nini?

Mpemba wa Fuoni


Waalaykumu salaam mwanangu,

Nianze na la usiku kwa sababu halina mjadala. Nyumbani kwake, usiku, wawili peke yenu: hapana. Sijui nia yake na wala sihitaji kuijua, labda ukumbi kweli umepanda bei. Mazoezi yawe mchana, mahali watu wanapita, au uende na huyo mwenzio wa dukani akae pembeni na simu yake. Akikwambia mtu wa tatu anaharibu mazoezi, mkumbushe kwamba kazi unayoitafuta ni ya kuigiza mbele ya umma.

Laki mbili na nusu usitoe. Mkono mtupu haulambwi, na mwalimu alipwe jasho lake kwa kila somo alilofundisha, hilo sina neno. Lakini hapa hauziwi somo, unauziwa nafasi. Basi ama anakudanganya, na pesa zimekwenda. Ama anasema kweli, na kikundi hicho kinauza nafasi, na wewe ukishanunua ya laki mbili na nusu atatokea mwenzio na laki tatu. Vikundi vya sanaa hapa kwetu husajiliwa na Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Kaulize kama hicho kinajulikana. Kisha waulize wenye kikundi wenyewe, kwa adabu, kama kuna mtu anayekusanya ada kwa niaba yao. Nadhani utajibiwa haraka.

Yamekwisha hayo. Sasa nataka kukaa kitako na swali la mwenzio, kwa sababu naona lina thamani kuliko masomo yote kumi na nane uliyolipia.

Huyo mtoto alikuwa anaitwa nani?

Mwenzio hakusomea uigizaji popote, anauza vitambaa, lakini alikaa pale akakuona unalia na hakumuona mtoto. Ndiyo maana akauliza. Umefundishwa mwisho wa safari bila ya njia. Ni kama mtu anayetaka kujifunza kusuka, akaoneshwa mkeka uliokwisha, akaambiwa, "Uwe hivi." Ukili hajaugusa.

Wala usidhani wewe ni mjinga kwa kunaswa hapo, wamenaswa wakubwa. Konstantin Stanislavski, Mrusi ambaye mwaka 1898 pamoja na mwenzake alianzisha ukumbi wa maigizo wa Moscow uliokuja kujulikana dunia nzima, alikuwa keshakuwa mwigizaji wa kusifiwa alipokwenda kupumzika Finland mwaka 1906. Huko akajikagua, akajikuta hana alichobakisha ila mazoea: mikono ile ile, sauti ile ile, kila usiku, na ndani mkavu. Watu walikuwa wakimpigia makofi, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeona. Miaka iliyomfuatia mpaka anafariki 1938 aliitumia kutafuta namna ya mwigizaji kufika mahali kwa kupita njia, badala ya kuigiza kwamba ameshafika. Huo mfereji uliouhisi wewe ndio alioukuta yeye. Tofauti ni kwamba wewe umeuhisi ukiwa na miaka 22.

Kuna na jambo jengine kuhusu machozi, na hili sikulitoa kwa Mrusi. Umeshakwenda matangani mara ngapi? Anayelia kwa sauti unamuonea huruma, unamshika mkono, unamwambia mshukuru Mungu. Lakini anayekukata maini ni yule mama wa marehemu aliyekaa kwenye mkeka macho makavu, ambaye ukimwinamia kumpa pole anakuuliza, "Umeshakula mwanangu? Wamekupa chai?" Hapo ndipo wewe unapovunjika. Mtu anayelia ameshalimaliza lake, anayejizuia ndiye anayemwachia mtazamaji kazi ya kulia. Mwalimu wako amekupa machozi ukatumie wewe, watazamaji hawakubakishiwa kitu.

Na huu sasa ndio ubaya wa kipande kilichopangwa mkono kwa mkono. Kwenye usaili mtu akifanya kipande chake vizuri, mara nyingi muongozaji humwambia arudie kwa namna nyengine: "Hebu yaseme hayo hayo kama unamwomba mtu akukopeshe," au "Sema bila ya kuinuka hapo ulipokaa." Hasemi hivyo kwa sababu umekosea. Anataka kujua kama mtu huyu anaweza kufanya naye mazoezi wiki kadhaa, akamwambia jambo likaingia. Wewe ukiambiwa hivyo leo, mkono wako utatafuta pa kunyooka, na ukifika mstari wa nne macho yatatoa maji huku unaomba mkopo. Kijaribu usiku wa leo ukiwa unaosha vyombo: sema kipande chote kama unamkaripia mtu. Kikikataa, ujue ulichokihifadhi ni wimbo, maneno yenyewe bado huyajui.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningekiacha. Wiki tano zinatosha kwa kipande kipya cha dakika mbili, tena ningetafuta cha msichana wa umri wako anayemwambia mtu fulani jambo, kwa sababu anataka kitu kutoka kwake sasa hivi. Kumlilia maiti ni kugumu jukwaani kwa sababu maiti hajibu, hana cha kukupa wala cha kukunyima. Tafuta tamthilia zilizokwisha kuandikwa na watu wenye kazi yao. Penina Muhando aliandika Hatia tangu 1972 na nyengine nyingi baada ya hapo. Wa kwetu Zanzibar, Said Ahmed Mohamed, ana Kivuli Kinaishi na Amezidi. Usinyofoe ukurasa mmoja. Soma mchezo wote kutoka jalada hadi jalada, mara mbili, hata kama unachokihitaji ni maneno ya robo ukurasa. Wasaili wakikuuliza mhusika wako ametoka wapi na unababaika, wameshakujua.

Halafu kaa na kipande chako ukiulize maswali, mengi ni ya kizee tu, ya mtu aliyekaa barazani anataka kujua habari za watu. Unasema na nani? Unataka nini kwake? Kwa nini leo, isiwe jana? Nini kilitokea kabla hujafungua mdomo? Na ukikosa unachokitaka, kesho yako itakuwaje? Majibu usiyaandike kwa lugha ya insha. "Anataka haki" si jibu. "Anataka kaka yake amrudishie ufunguo wa kabati kabla baba hajarudi kutoka msikitini" ni jibu, maana sasa kuna ufunguo, kuna kabati, na kuna dakika zinazokwenda.

Unaona ni mambo mapya? Unayafanya kutwa. Mteja anaingia dukani kwako, anashika kitambaa, anasema ghali, anageuka. Wewe unamwita, "Dada, njoo." Maneno mawili. Ukihisi anakwenda kweli, unayasema kwa njia moja. Ukihisi anatishia tu, kwa njia nyengine. Akiwa ameshavuka mlango ukayasema tena, sauti si ile. Na mikono yako je? Imeshakunjua kitambaa juu ya kaunta zamani, na hakuna aliyekupangia kwamba neno la pili unyooshe mkono wa kulia. Ulikuwa unamtazama yeye, na yeye ndiye aliyekuwa akikufundisha. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mwalimu mzuri angekupeleka jukwaani na duka lako kichwani, badala ya kukutoa dukani kwanza.

Kuna zoezi la kukusaidia hapo, lilitungwa na Sanford Meisner, mwalimu wa waigizaji wa New York, na unaweza kulifanya na mwenzio wakati wa kufunga duka. Mkabiliane. Mmoja aseme kitu anachokiona kwa mwenzake, "Umejifunga ushungi mwekundu." Mwengine ajibu, "Nimejifunga ushungi mwekundu." Mnarudiana hivyo hivyo, maneno yale yale, bila ya kujitia kuyapamba. Dakika ya kwanza mtacheka. Ya tatu mtachoka. Baada ya hapo, mmoja akiudhika kidogo maneno yatabadilika rangi yenyewe, na mwengine atajibu ile rangi. Lengo ni kusikiliza tu. Litakufaa sana siku ya kupewa skripti usome papo hapo, kwa sababu wengi wanaoshindwa pale wanasoma vizuri kabisa, ila macho hawayainui kwenye karatasi wakaona mtu wa mbele yao amesemaje.

Nije kwenye sauti, maana Ngome Kongwe si mahali pa mchezo. Pale ni uwanja wa wazi wenye ngazi za mawe. Juu hakuna paa la kukurudishia sauti, upepo wa bahari unaingia, na mtaa uko nje ya ukuta. Ukipiga kelele kwa koo utasikika siku ya kwanza, na siku ya pili huna sauti. Nenda asubuhi moja pale pale Darajani, hatua chache tu kutoka dukani kwako, ukamsikilize dalali wa mnada wa samaki. Msikilize macho yakiwa kwenye tumbo lake, usitazame mdomo. Anaita bei asubuhi nzima juu ya kelele za watu, na kesho anarudi. Pumzi yake inaanzia chini, mbavu zinatanuka, koo limelegea kama halihusiki.

Na wewe sehemu ya elimu hiyo unayo, sidhani kama mwalimu wako alikuuliza. Mtoto wa Wete amesoma chuo cha Qur'ani. Ulifundishwa tajwidi, kanuni za kuisoma: wapi herufi inatoka, madda hii uvute sauti harakati mbili, ile sita, wapi inafaa kusimama na wapi ukisimama maana inaharibika. Sikwambii uisome Qur'ani kwa mazoezi ya maigizo, kila kitu na heshima yake. Ninachosema ni kwamba pumzi iliyofunzwa kufika mwisho wa aya bila ya kukatika haiwezi kushindwa kufika mwisho wa sentensi ya tamthilia. Ulipokuwa ukimeza mwisho wa sentensi ulikuwa umesahau tu kwamba unajua.

Hapo ndipo ninapotaka kumtendea haki mwalimu wako na wakati huo huo kugombana naye. Haki yake: alikuona unakwenda mbio, akakwambia, na hakuna jamaa wala rafiki aliyekwambia kabla yake. Ugomvi: amechanganya mbio na Kipemba. Kusema mbio ni kosa kwa lugha yoyote. Kipemba si kosa la matamshi, ni lugha ya watu wazima na akili zao. Waliokaa Mombasa mwaka 1928 kuchagua Kiswahili gani kiwe msingi wa Kiswahili sanifu walichukua Kiunguja cha mjini, na sawa, ilibidi wachague kimoja. Lakini hawakusema vyengine vitupwe baharini. Mwaka huo huo Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu, alivuka kwenda Bombay kurikodi santuri zake. Mimi sijapata kusikia santuri ya Siti inayoficha kwamba huyu ni mtu wa kwetu.

Tena sikio lako ni mali. Watu wa visiwani bado wanatofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi tu, yule mnyama anatoka na upepo mdomoni na lile la nyumba halitoki nao. Kaa la moto na kaa wa pwani vivyo hivyo. Wako waigizaji waliosoma sana wasioweza kuisikia tofauti hiyo hata ukiwarudilia. Mtu anayesikia vitu vidogo kiasi hicho anaweza kujifunza lafudhi yoyote anayotakiwa, ya Dar es Salaam, ya Mombasa, ya Mzungu anayejifunza. Ujifunze kuivaa na kuivua. Usikubali kuvuliwa ya kwenu kwanza. Najua vichekesho vyetu vimewafanya Wapemba kuwa kitu cha kuchekea, kwa hiyo sikushangai kuona haya. Lakini kipande chako cha dakika mbili kiseme kwa sauti yako, taratibu, kila neno hadi mwisho wake. Wakitaka sauti nyengine watakuomba, nawe uwape.

Je, umwache? Mimi ningempa somo moja zaidi. La mchana. Mwambie hivi, au kwa maneno yako: "Kaka, nakushukuru, umenitoa mbali. Nimepata kipande chengine na leo naomba usinioneshe. Niulize tu, na nikikosea niache nikosee kwanza." Kisha umtazame. Mwalimu wa kweli hapo uso utamchangamka, maana hiyo ndiyo siku anayoisubiri, ya mwanafunzi kuanza kupunguza haja ya kuja. Atakuuliza, atanyamaza, atakuacha uhangaike. Huenda naye alifundishwa kwa kuoneshwa na hajapata mtu wa kumwambia kuna njia nyengine. Lakini akinuna, akakukumbusha anayejuana na muongozaji, au akarudi kwenye habari ya nyumbani usiku, basi lipa kama kuna somo hujalilipa, muage vizuri, ondoka. Usimtangaze mjini kwa hasira, na msichana mwengine akikuuliza habari zake mwambie ukweli wote, wa mbio na wa usiku. Kuona haya kwako ni adabu njema, mwanangu, ila adabu haikulazimishi kuingia ndani ya nyumba ya mtu.

Siku yenyewe sina mengi. Fika mapema, uwe umekula kitu chepesi. Vaa unachoweza kukaa chini na kuinuka nacho. Baibui halikuzuii kitu ukishazoea kufanyia mazoezi ndani yake, kwa hiyo fanyia mazoezi ndani yake. Taja jina lako na la mchezo, basi, usianze kueleza ulivyoumwa mafua. Usimfanye msaili kuwa huyo kaka mwenye ufunguo. Muweke kaka yako hewani, juu kidogo ya vichwa vyao, ili wao wapate nafasi ya kutazama. Na wakisema "Ahsante, inatosha" katikati, usitembee mpaka Michenzani. Wana watu wengi wa kuona, na wakati mwengine walichokitaka wameshakipata nusu ya njia. Mwaka jana huenda ulikosa, huenda hukukosa kwa sababu unayoidhani, na huna tena la kulifanya.

Umebakia mstari mmoja ulioniandikia kuhusu mama yako, mfupi kuliko yote. Huo ndio ulionisimamisha. Mwanangu, boti inaondoka Malindi na watu wa Pemba wamejaa. Ukipata nafasi hiyo jina lako litakuwa kwenye bango ukutani, na bango likibandikwa asubuhi, jioni mtu ameshashuka gatini Mkoani na kumsimulia mama yako, kwa namna yake, na chumvi juu. Ukikosa, bado kuna mwalimu, kuna pesa zilizokwenda, na kuna kompyuta ambayo hukuisoma. Mpigie wewe kwanza. Usimwombe ruhusa kwa simu wala usimpe hotuba ya sanaa. Mwambie unafanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza, mwambie wapi na saa ngapi, mwambie na la kompyuta. Atakasirika, hasa kwa la kompyuta, na ana haki. Halafu siku nyengine msomee kipande chako kwenye simu. Kwa Kipemba chako. Akikukatiza akauliza, "Huyo kaka yake amekwenda wapi na huo ufunguo?" ujue umeanza kufika.

Usaili ukimalizika niandikie. Kama umepata au umekosa nitasikia mjini. Nataka kujua, muongozaji alipokwambia ukirudie kwa namna nyengine, ulifanya nini.

Shangazi yako